Barua Iliyopelekwa kwa Mkono: Risala ya Watu wa Masjala kwa Kamati Mpya

Mgeni rasmi, uliyeacha kazi zako ukaja kuzindua Kamati ya Ushauri wa Kuboresha Taratibu za Utawala. Mwenyekiti mteule wa kamati hiyo. Wajumbe kumi na mmoja mlioketi mstari wa mbele. Wakuu wa idara. Wenzetu wa ghorofa zote. Na ninyi wananchi mliokuja na shida zenu leo mkakuta madirisha yamefungwa kwa ajili ya sherehe hii, mtuwie radhi. Tunawasalimu nyote.

NENO LA KUKARIBISHA

Sisi ni watu wa masjala. Ni makarani tunaopokea barua na kutunza majalada, matarishi tunaoyabeba, wapiga chapa, na wahudumu wa ofisi. Tuko kumi na tisa. Tulikuwa ishirini, na huyo wa ishirini ndiye sababu ya risala hii kuwa ndefu.

Mgeni rasmi, anayeisoma ni tarishi wa ghorofa ya tatu. Wenzake wanamwita Magoti, kwa sababu lifti ya jengo hili iliharibika akiwa kijana na magoti yakiwa mazima. Amechaguliwa kwa kuwa ana sauti kubwa, na pia kwa kuwa alisema haogopi. Jana alituuliza kama bado kuna nafasi ya kubadilisha mawazo, tukamwambia hakuna.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo tusingependa ulisikie kwa watu wengine. Rasimu ya risala hii tuliipeleka kuhakikiwa, kama inavyotakiwa. Ilipita meza sita. Iliporudi, sehemu ya matatizo ilikuwa imechorwa mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini, na pembeni imeandikwa "Punguzeni, mgeni asichoke." Sehemu ya pongezi ilikuwa imeongezwa kurasa mbili. Tumeisoma hiyo ya meza sita, tukaona haitutaji sisi popote. Kwa hiyo unayosomewa sasa ni ile tuliyoiandika wenyewe. Tunakadiria kwamba hapa mshereheshaji ataanza kutazama saa yake. Aitazame tu, saa ni yake.

MASJALA ILIKOTOKA

Chumba chetu kiko chini kabisa, nyuma ya ngazi. Zamani kilikuwa stoo ya baiskeli za ofisi, na kulabu za kutundikia bado ziko ukutani. Siku hizi tunatundika makoti ya mvua. Kina dirisha moja linalotazama ua, na kizingiti cha mbao cha dirisha hilo kimelika katikati kwa viwiko vya watu waliosimama kusubiri. Ukipitisha mkono juu yake utahisi bonde. Rafu ni tisa. Ya tano tumeihamisha mara nne kwa sababu bomba la choo cha ghorofa ya kwanza linapita juu yake na lina tabia zake.

Humo ndimo yalimo majalada elfu arobaini na moja. Kila kiwanja, kila cheti, kila likizo ya uzazi, kila ombi la kisima lililowahi kuandikwa kwa ofisi hii limepita kwenye mikono yetu. Wakubwa wanakuja na kuhamishwa. Tumewahi kuwa na mkuu aliyekaa miezi minne akaondoka bila kujua masjala iko upande gani. Hatukumlaumu, majalada yalimfikia mezani akadhani yanaota huko huko.

Hatusemi haya ili tuonewe huruma. Tunasema ili ujue kwamba tukizungumzia mahali barua zinapopotelea, hatubahatishi.

TULIYOYAFANYA, NA KOSA LETU MOJA

Kwa miaka kumi iliyopita hatujapoteza jalada hata moja. Ukikuta mtu ameambiwa "jalada lako limepotea," ujue jalada liko kwenye droo ya mtu, na sisi tunaijua droo hiyo, na tunajua na biskuti zilizomo.

Lakini kosa tunalo, na hatulikwepi. Masjala yetu ina kanuni kwamba barua inayokuja bila namba ya kumbukumbu haifunguliwi jalada lake. Inawekwa kwenye jalada liitwalo Mengineyo. Na jalada la Mengineyo halifunguliwi kutolewa kitu ila kwa saini za maofisa watatu, na mmoja wa maofisa hao cheo chake kilifutwa zamani. Mtu hayupo, saini yake inahitajika. Tuliandika mara mbili kuuliza tufanye nini. Majibu hayakuja. Basi tukawa tunatumbukiza humo tu: kalenda za wauza magari, malalamiko ya mtu kuhusu jogoo wa jirani, kadi za harusi za watu ambao sasa wana wajukuu.

Miaka mitatu iliyopita iliingia humo barua kutoka ofisi yako, mgeni rasmi. Barua hiyo ilielekeza kwamba hapa iundwe kamati ya ushauri ya kuboresha taratibu za utawala. Aliyeiandika alisahau kuweka namba. Tukaiweka Mengineyo. Ofisi yako ikakumbusha mara mbili, "rejea barua yetu ya tarehe fulani," bila namba tena, na barua zote mbili zikaenda kumfuata mwenzao.

Kwa maneno mengine, kamati ya kuharakisha barua ilichelewa miaka mitatu kwa sababu ya barua. Mkitaka kucheka chekeni. Sisi tulicheka siku ya kwanza, tukaacha siku ya kumi na moja.

KILICHOMPATA SHANGAZI

Karani mpokezi wetu, yule anayekaa dirishani, tunamwita Shangazi. Ana miaka ishirini na sita pale. Ndiye aliyetufundisha kazi karibu sote, na aliyekosea kuandika tarehe alimwandikisha mara hamsini, hata awe na ndevu. Bado miezi kumi na minne astaafu.

Siku moja ya Jumanne, kama saa nane mchana, alikuja dirishani mama mmoja mshonaji. Ilikuwa mara yake ya tisa. Alikuwa akitafuta barua ya kuthibitisha cheti cha kuzaliwa cha binti yake, kwa maana bila hiyo mtoto asingeandikishwa mtihani, na uandikishaji ulikuwa unafungwa Ijumaa. Mara zote nane alikuwa ametumwa juu, akashushwa chini, akaambiwa njoo kesho, njoo Jumatatu. Mara ya tisa hakuuliza kitu. Aliweka viwiko kwenye lile bonde la kizingiti na kusema, "Dada, mimi leo siondoki. Funga dirisha na mkono wangu humu humu."

Shangazi akamtazama. Akamuuliza, "Barua yako ya maombi ilikuwa na namba?"

"Namba gani? Mimi nashona nguo."

Hapo Shangazi akainuka, akaenda rafu ya tisa, akalishusha jalada la Mengineyo na kulifungua. Tulikuwepo. Mmoja wetu alimwambia, "Shangazi, saini tatu." Akajibu, "Nendeni mkamfufue huyo wa tatu, mimi nawasubiri hapa."

Barua ya mshonaji ilikuwemo. Ilijibiwa siku ile ile, na binti akafanya mtihani. Na chini ya barua hiyo, imegandana na kadi ya harusi, ndipo ilipokuwa barua yako.

Mgeni rasmi, yaliyofuata unayajua kwa sababu ulikuwepo. Kwa utaratibu, barua hiyo ilipaswa kuandikiwa dokezo, ipande meza saba, ndipo itoke. Shangazi alihesabu meza zile kwa vidole, akavaa koti lake la mvua, akaiweka barua ndani ya koti, akatembea kwa miguu mpaka makao makuu huku mvua inanyesha. Alikaa kwenye benchi la ghorofa yako akichuruzika maji sakafuni. Ulitoka kwenda mkutanoni ukamkuta. Ulimwuliza, "Nani amekutuma?" Akakujibu, "Barua yenyewe." Uliisoma umesimama. Ukasema, "Kumbe ilifika!" Kisha ukamwambia, "Asante sana, mama," ukampa mkono.

Siku tisa baadaye kamati ikatangazwa. Siku ya kumi na moja ikaja barua ya kumsimamisha kazi.

Ina mashtaka matatu: kufungua jalada bila idhini, kutoa waraka bila dokezo, na kumwona kiongozi wa juu bila kupitia ngazi. Imetiwa saini na ofisa ambaye leo ni Mwenyekiti mteule wa kamati hii. Hatusemi kwamba alimwonea kwa chuki. Tunasema alifuata utaratibu, na huo utaratibu ndio ugonjwa wenyewe ambao amepewa autibu.

Na kuna jambo moja ambalo halimo kwenye taarifa yoyote. Barua ile ya kumsimamisha, kama barua zote, ilipitia dirishani. Shangazi aliipokea yeye mwenyewe. Alifungua bahasha, akasoma, akagonga mhuri wa kupokelewa, akaiandika kwenye rejista, akaipa namba. Kisha akajaza kitabu cha kukabidhi, upande wa mpokeaji akaweka saini yake, akajikabidhi. Akachukua mkoba wake akasema, "Angalau hii imefika siku hiyo hiyo." Akatoka.

Hatujawahi kuona aibu kama ile. Tulimwacha aondoke peke yake mpaka getini, watu kumi na tisa wazima, kila mtu akijifanya ana jalada la kutafuta. Hilo nalo tunaliandika hapa, lisomwe, maana ni letu.

Mume wake, fundi saa wa hapo barabara ya nyuma, anatuambia kwamba mpaka leo mkewe anaamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa nguo za kazi, anakaa dirishani nyumbani kwake. Majirani wamezoea. Wanamletea vikaratasi kwa utani, "Naomba chumvi," "Naazima mwiko." Anavipokea, anaviandikia namba, anavijibu kabla ya jioni. Mume wake alitusimulia hilo akicheka, halafu akaacha kucheka, akarudi kwenye saa zake.

Shauri lake litasikilizwa Ijumaa hii, saa tatu asubuhi. Wapiga chapa wetu ndio wanaopewa kazi za kuchapa, kwa hiyo tunajua kwamba barua ya kumfukuza imeshachapwa. Imeachiwa nafasi ya tarehe tu.

KUHUSU KAMATI TUNAYOIZINDUA

Tumezisoma hadidu za rejea za kamati. Tulizichapa sisi. Zinasema kamati itachunguza "ni wapi mawasiliano ya kiofisi hukwama na kwa nini." Mgeni rasmi, swali hilo lina jibu, na jibu liko ghorofa ya chini nyuma ya ngazi. Wajumbe ni kumi na mmoja, wote wakuu wa idara au wasaidizi wao. Hakuna karani hata mmoja wala tarishi. Mshonaji ndio kabisa. Tangu wateuliwe, ni mjumbe mmoja tu aliyeshuka masjala. Tulisimama wote kumpokea. Alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Ajenda ya kikao cha kwanza nayo tumeichapa. Ajenda namba moja ni kuunda kamati ndogo. Ajenda namba mbili ni kamati ndogo kupendekeza utaratibu wa kupokea maoni. Kikao kitafanyika hotelini, kule penye bustani.

Hatuidharau kamati. Tuliitaka kuliko mtu yeyote humu ndani. Ni mtu wetu aliyeibeba kwenye koti. Lakini kamati iliyozaliwa kwa mtu kuvunja utaratibu mbovu haiwezi kuanza kazi kwa kumtoa kafara mtu huyo. Ikianza hivyo, kila karani nchini ataelewa somo: ukiona barua imelala, ifunike vizuri isipate baridi.

TUNACHOOMBA

Tunaomba Shangazi arudi dirishani kabla ya Ijumaa. Hatuombi asamehewe, kwa kuwa msamaha ni wa mkosaji. Tunaomba barua ya mashtaka ifutwe kwa barua, yenye namba, na nakala kwetu.

Tunaomba awe mjumbe wa kamati. Mkisema nafasi zimejaa, mwenye kupunguzwa apunguzwe, na tunakadiria kwamba kufikia hapa mstari wa mbele kutakuwa na wajumbe wawili ambao usingizi umeshawapunguza wenyewe.

Kikao cha kwanza kifanyike masjala. Viti vipo sita, wengine wataegemea rafu, ila wasiegemee ya tano.

Na kama itaamuliwa kwamba kukiuka utaratibu ni kosa la kufukuzisha, basi haki itendeke kwa wote. Tangu Shangazi asimamishwe, tumeambiwa kwa mdomo tu, "mtu yeyote apokee barua." Kanuni ya masjala inasema barua itapokelewa na karani mpokezi peke yake, au mtu atakayemteua yeye kwa maandishi. Yeye amekatazwa kuandika chochote cha kiofisi. Kwa hiyo kwa wiki tatu tumepokea barua mia sita na kumi na mbili kinyume cha kanuni. Tumejiandikia mashtaka, kila mtu na ya kwake, maneno yale yale ya barua ya Shangazi, jina tu ndilo limebadilika. Barua hizo kumi na tisa zimeambatanishwa nyuma ya risala hii. Wapiga chapa wamezipanga kwa alfabeti.

Kuanzia kesho tutafuata kanuni kama ilivyoandikwa. Barua za mwananchi tutaendelea kuzipokea, kwa kosa letu wenyewe, na tuko tayari kushtakiwa kwa kila moja. Lakini barua za mkubwa kwa mkubwa, za idara kwa idara, pamoja na mialiko ya kikao cha hotelini, zitasubiri mwenye mhuri wake.

NENO LA MWISHO

Mgeni rasmi, tukuambie jambo ambalo wasomaji wa risala huwa hawamwambii mgeni. Risala ikishasomwa, hukabidhiwa wewe, watu wakapiga makofi na picha zikapigwa. Wewe humpa msaidizi wako. Msaidizi huiacha kwa katibu muhtasi wa hapa, naye humpa tarishi, na kabla jua halijazama iko masjala. Sisi ndio tunaozitunza. Ziko kwenye jalada liitwalo Sherehe, Mapambo na Viburudisho. Zimo kumi na saba, za walimu, za wakunga, za wenye viwanja vilivyofurika maji, wote wakiomba kwa adabu. Hakuna iliyowahi kuulizwa na mtu. Moja tu ndiyo ina maandishi ya kiongozi, pembeni, kwa kalamu ya kijani: "Imeonekana."

Hii haitakwenda huko. Haiwezi. Ni waraka unaoingia, na anayeruhusiwa kuupokea amekaa dirishani nyumbani kwake anajibu watu wa chumvi. Sisi kumi na tisa hatutaupokea. Msaidizi wako akituletea tutamrudishia kwa heshima zote. Katibu muhtasi ameshatuambia kwamba meza yake haina nafasi.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, ukishaipokea sasa hivi kutoka kwa Magoti, hii ni yako. Utapanda nayo gari. Utalala nayo nyumba moja. Ijumaa saa tatu asubuhi itakuwa bado iko kwako, na njia ya kuitua ni moja. Dirisha tumeshakueleza liko wapi, na mama mwenyewe ulishampa mkono.

Mungu akulinde njiani, akupe afya na watu wa kukwambia ukweli. Awape wajumbe miguu ya kushuka ngazi. Amlinde Shangazi mpaka Ijumaa na baada yake.

Ni sisi, watu kumi na tisa wa masjala, tukimsubiri wa ishirini.